Taulo Lililogandia Getini

Gorna Elha, 6 Novemba 2016

Mheshimiwa Bibi Gena Karamfilova,

Shikamoo. Jina langu ni Zorka Cholakova, mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili. Mwalimu wetu wa fasihi, Bi Rusalina, ametueleza habari za ufadhili wako: kwamba kuanzia mwakani msitu wako wa misonobari, kwa mbao chache kila mwaka, utakuwa unamsomesha kijana mmoja wa vijiji vya juu, uuguzi au ukunga, huko chuoni Plovdiv; na kwamba anayeutaka hajazi karatasi zozote, ila anakuandikia kwa mkono mpaka umfahamu. Wenzangu walicheka. Walisema siku hizi nani anajua stempu inauzwa wapi. Mimi nilikwenda kuinunua siku hiyohiyo.

Ninaishi na Babu Manol na mbuzi wetu. Mama yuko Italia, anamtunza bibi kizee wa watu wengine; anamwosha, anamlisha, anamwimbia alale. Anasema nikimaliza mtihani nimfuate, kwani nyumba ya jirani wanatafuta msichana. Bado sijamjibu.

Asubuhi ukungu hujaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, likaonekana paa la kanisa tu. Wakati huo huwa ninajiona nikitembea juu ya ukungu ule nimevaa koti jeupe, nikibisha mlango baada ya mlango, na kila ninapobisha watu wanafungua. Hapa kwetu hakuna muuguzi tangu nikiwa mdogo. Bibi Stanka alipopata kiharusi, gari la wagonjwa lilikwama kwenye theluji, tukamteremsha kwa ubao tunaoburutia kuni. Nilimshika mkono njia nzima. Kila mara aliniuliza mimi ni nani, na kila mara nilimjibu.

Nina alama nzuri za biolojia. Nina afya njema. Siogopi chochote.

Wako mtiifu,
Zorka Cholakova

*

Smolyan, 15 Novemba

Zorka mjukuu wangu,

Marahaba. Hilo neno "Mheshimiwa" liache. Nilipolisoma niligeuka nyuma kuona ni nani ameingia.

Umeandika kwamba huogopi chochote. Hongera. Mimi nimezalisha bonde zima na niliogopa kila safari. Niliogopa hata siku ya mama yako, Ivelina, aliyekuja duniani ametanguliza matako kama mtu anayetafuta kiti. Mpe salamu zangu. Usimwambie hilo la matako, huenda bado ana hasira.

Sasa nikuulize. Ile nyumba ya uzazi hapo juu, karibu na chemchemi, bado ina paa? Huwa naiota. Ndotoni madirisha yanawaka, na ndani wamekaa watoto wote niliowapokea, kila mmoja kitandani kwake. Ni watu wazima, wengine wana mvi, lakini wote wamefungwa nepi. Wananisubiri niwaambie kwamba sasa wanaweza kwenda nyumbani, na mimi nafungua mdomo, sauti haitoki. Nenda ukaitazame, uniandikie ikoje.

Na Manol anafuga mbuzi bado? Mwambie sijasahau maziwa aliyoniuzia mwaka wa mafuriko, yalivyokuwa mepesi. Mbuzi wake wakianza kuzaa, kaa hapo, angalia, kisha niandikie ulichokiona kwa macho yako. Usininakilie ya kwenye kitabu. Kitabu ninacho.

Ukiuliza kwa nini mwandiko wangu ni mkubwa hivi, ni kwa sababu karatasi zimeshuka bei.

Bibi Gena

*

Gorna Elha, 12 Desemba

Shikamoo Bibi,

Nilikwenda. Paa limebaki upande mmoja tu. Upande mwingine theluji imeingia ikalala juu ya vitanda vya chuma, nyeupe, imenyooka, kama shuka zilizotandikwa na mtu makini. Hapakuwa na nyayo za mtu. Kulikuwa na nyayo za mbweha, Bibi, na zilikwenda kutoka kitanda hiki hadi kile, zikisimama kidogo kwenye kila kimoja, kama anayepita kuwajulia hali wagonjwa. Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, "Sasa mnaweza kwenda nyumbani." Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Theluji kidogo ilidondoka kutoka kwenye boriti. Kisha nikaona aibu nikaondoka.

Babu amecheka sana kuhusu maziwa. Amesema, "Mwambie Gena mbuzi walikunywa maji ya mafuriko, kosa langu liko wapi?" Halafu akasema, "Kumbe ule ulimi bado anao." Nadhani amefurahi.

Mbuzi wetu Kalina amezaa wiki iliyopita, mapema kuliko tulivyotarajia. Ilikuwa asubuhi, jua halijatoka. Alilala kwenye majani makavu, akanyoosha shingo, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nzito, kama inatoka kisimani. Babu aliniambia, "Zorka, shika taa." Nilishika taa. Pumzi ya Kalina ilipanda mwangani kama moshi.

Mwanambuzi ni mweupe, ana doa jeusi sikioni, amekauka vizuri na ananyonya kwa nguvu. Babu anamwita Meya, kwa sababu anapiga kelele kutwa bila kutaka kitu.

Mama ametuma nauli ya kwenda Italia. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Mjukuu wako,
Zorka

*

Smolyan, 28 Desemba

Zorka,

Yule mbweha wako amehamia ndotoni kwangu. Sasa ndiye anayepita kitanda kwa kitanda, na mimi nimekaa pembeni nakunywa chai. Nakushukuru. Nilikuwa nimechoka.

Lakini barua yako ina shimo. Kalina yuko chini, wewe umeshika taa. Kufumba na kufumbua Meya amekauka na ananyonya. Katikati hapo ulikuwa wapi? Hukuniandikia hata neno moja lililolowa, na kuzaa, mjukuu wangu, ni maji matupu.

Usinijibu kwa barua. Tarehe 21 Januari ni Siku ya Wakunga. Wanawake niliowazalisha watakuja, watanimiminia maji mikononi chini ya mtufaha, watanipa sabuni na taulo, kisha tutakula banitsa, mkate wetu wa jibini, na kusema maneno ambayo padri akiyasikia atahama mji. Njoo na wewe. Njoo na taulo, kama desturi ilivyo. Kuna wasichana wengine wanaoniandikia, na wanaandika vizuri, lakini wewe nataka nikuone uso. Siku hiyo nitakuambia kama ufadhili ni wako au si wako.

Nyumba iko mtaa wa chini, ukishavuka daraja. Geti la kijani.

Bibi Gena

*

Gorna Elha, 22 Januari 2017

Kwa familia ya marehemu Bibi Gena Karamfilova,

Poleni sana kwa msiba. Hamnijui. Mimi ni Zorka, msichana niliyekuwa nikiandikiana barua na marehemu kuhusu ufadhili wa masomo.

Jana nilikuja kwenu. Basi lilichelewa, na theluji ilikuwa ikianguka ile iliyolowa, inayoyeyuka kabla haijatua. Nilivuka daraja nikaliona geti la kijani, na juu yake utepe mweusi, na chini ya utepe tanzia. Sikuwahi kumwona Bibi Gena, kwa hiyo picha ile ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso wake. Amefunga kitambaa kichwani na anatazama moja kwa moja, kama anayesubiri umalize kusema uongo wako. Jina lilisomeka vizuri. Maneno mengine yote theluji ilikuwa imeyatiririsha, yamekuwa mistari ya kijivu hadi chini.

Ndani nilisikia wanawake wakiimba na kucheka kwa nguvu. Nisameheni, nilikasirika. Nilijiwazia, hata arobaini yake haijafika. Baadaye nikafikiri pengine ndivyo yeye alivyotaka. Sikubisha. Nililitundika taulo langu kwenye geti nikarudi kituoni.

Kuna jambo nililomficha, na sasa naona uzito wa kulibeba peke yangu. Aliniuliza nilikuwa wapi Kalina alipokuwa akizaa. Nilikuwa nimezimia. Nilimwona mwanambuzi akianza kutoka, nikaona ile damu na ule utando uking'aa, nikaanguka na taa. Ilikuwa bahati tu majani hayakushika moto. Babu alinipaka theluji usoni. Mtu anayezimia mbele ya mbuzi atamfaa nini mwanamke? Nilimwandikia Bibi kwamba siogopi chochote, naye tangu mwanzo alijua.

Mengine hayana haja.

Nawaomba ufadhili apewe mmoja wa wale wasichana wengine walioandika vizuri. Mimi nitamfuata mama Italia baada ya mtihani. Ombi langu jingine ni moja tu, kwamba msitu msiukate wote kwa pamoja, kwa sababu marehemu alitaka udumu.

Usiku wa jana niliota ukungu wetu umefika hadi getini kwenu, na ndani yake mtu ananiita jina langu, na mimi sibishi hodi. Nawatakia faraja.

Zorka Cholakova

*

Smolyan, 28 Januari

Zorka,

Mimi marehemu Gena Karamfilova nimepokea rambirambi zako, na nimeguswa sana. Niliisoma barua kwa sauti mbele ya jirani yangu. Alicheka mpaka akaomba maji, na mwisho wake alikuwa analia, nami pia.

Mtoto wee! Umetoka mlimani kwa basi, umefika getini, unatusikia tunavyoimba, unageuka unarudi? Walioimba ni bonde zima la mama zenu! Tulikuwa na banitsa ya kutosha kijiji kizima, na kila mlango ulipolia nilisema, "Huyo ni Zorka," wakaingia watu wengine. Jioni nilitoka kufunga geti, nikakuta taulo limeganda limekuwa gumu kama ubao. Nililileta ndani nikaliegemeza kwenye jiko. Likalainika polepole, likapiga magoti, likalala. Nikajua ni lako.

Yule pichani ni mama mkwe wangu. Jina lake Gena, mimi nikaolewa na mwanawe nikiwa Gena, basi tukawa wawili nyumba moja. Mtu akiita, tunaitika sote. Alikufa Januari, zamani sana, na kila mwaka nabandika tanzia yake upya kama kila mtu anavyowabandikia wake. Ulikosea kama watu wa kwetu wanavyoweza kukosea. Ila kwa taarifa yako, mimi kitambaa sifungi hivyo, wala sina sharubu zile.

Sasa sikiliza. Msitu ni wake. Alikuwa mkunga wa Gorna Elha kabla yangu, bila shule. Nilipoolewa aliishika mikono yangu, akaigeuzageuza kama anayechagua viazi, kisha akauza ng'ombe wake wa maziwa akanipeleka chuo. Kijiji kizima kilimcheka: "Mkwe wako anasoma, na wewe unafua!" Akawaambia, "Nafua, ndiyo, na atakaporudi mtapanga foleni." Kwa hiyo jina lililo kwenye ufadhili ni lake, si langu. Bi Rusalina wenu hakujua. Mimi nilikuwa tu msichana wa kwanza kuupata.

Nije kwenye kuzimia kwako. Hapa labda unangoja nikuambie kwamba hata mimi nilizimia siku ya kwanza. Sikuzimia, mjukuu wangu, hata siku moja. Kwa hiyo sijui inakuwaje, na sitajifanya najua. Ninachotaka kujua ni hiki: Manol alipokupaka theluji ukafumbua macho, ulikwenda wapi? Uliingia nyumbani, au ulirudi bandani? Na yale "mengine yasiyo na haja" ni yapi?

Jibu kweli. Hapo ndipo nitaamua.

Bibi Gena, mzima

*

Gorna Elha, 3 Februari

Shikamoo Bibi, na samahani, na asante kwa kuwa hai.

Barua yako niliifungua palepale dirisha la posta, nikapiga kelele mpaka karani akadhani nimefiwa. Nilimpigia mama simu nikamwambia bado naandikiana na Bibi Gena. Akasema, "Gena yupi? Si alikufa?" Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Kisha akaniambia, "Muulize kama ni kweli nilitanguliza matako." Kumbe anajua.

Nakujibu kweli.

Nilirudi bandani. Babu alikuwa amekwenda ndani kuchota maji ya moto, na Meya alikuwa tayari chini, ananyanyuka na kuanguka. Niliketi, kichwa katikati ya magoti, nikihesabu pumzi. Nikaisikia tena ile sauti ya kisimani. Kulikuwa na wa pili.

Sikutazama. Nilifumba macho, kwa sababu nilijua nikitazama nitaanguka tena. Nikanyoosha mikono. Bibi, palikuwa na joto sana. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Nilizigusa kwato mbili ndogo, laini kama jibini, na kati yake pua. Kalina aliposukuma nilivuta kuelekea chini, polepole, na uzito wote ukanijia mapajani mara moja. Hapo nilifumbua macho, na sikuanguka.

Hakupumua. Nilimfuta pua, nikampulizia, nikamsugua kwa majani makavu, kifuani, mgongoni, kila mahali. Babu alirudi akasimama na ndoo yake. Sijui nilisugua kwa muda gani. Mwisho alisema, "Basi, mwanangu. Basi. Mwache." Nikaendelea. Akaketi kando yangu, akaiweka mikono yake juu ya mikono yangu mpaka ikatulia.

Alikuwa mweusi wote. Tulimzika nyuma ya banda, mahali theluji ilipokuwa nyepesi.

Ndiyo sababu sikukuandikia. Wa kwanza nilizimia, wa pili alikufa. Sikuona katika hadithi yote ile mahali pa kusema mimi ninafaa. Na bado, Bibi, nikilala huwa nalisikia lile joto kwenye viganja, na haliji kama kitu kibaya. Linakuja kama mtu anayenishika mkono njia nzima na kuniuliza mimi ni nani.

Zorka

*

Smolyan, 1 Machi

Zorka wangu,

Ni wewe.

Nimewaandikia chuo, na wale wasichana wengine nimewaandikia kila mmoja barua yake. Miti ipo, mwakani waandike tena. Wewe fanya mtihani.

Habari za yule mweupe angeniandikia kila mtu. Ni yule mweusi aliyekuchagulia njia. Nami ninao wangu ambao hawakupumua, na siku ya Wakunga, wakati wenzao waliofikia utu uzima wakinimiminia maji, ni hao wasiokua ninaowatafuta kwa macho chini ya mtufaha. Sikuwahi kumwambia mtu. Lakini hakuna aliyewahi kuniandikia barua kama yako.

Nami nikutoe kwenye uongo wangu. Karatasi hazijashuka bei. Mikono yangu inatetemeka, tangu mwaka juzi, na nikiandika herufi ndogo hazisomeki. Mwaka huu wanawake waliniosha mikono huku wakitazama juu, wakilisifia anga, ili nisijue kwamba wameona. Ndiyo maana nina haraka na msitu huu. Wewe ulisema huogopi, mimi nikasema karatasi, basi tuko sawa.

Njoo Jumapili. Safari hii sitaki uje na kitu, taulo lako liko hapa. Desturi inasema anayeoshwa ni mkunga, na anayemimina ni yule aliyepokewa. Tutaipindua. Nitashika jagi mimi, na wewe utakinga mikono. Maji mengi yatakwenda chini, tuseme ni ya mtufaha.

Nimekuwekea uzi mwekundu na mweupe wa leo, wa kukaribisha majira ya machipuko. Ufunge mkononi mpaka uone mti wa kwanza uliochanua, uuache hapo. Najua unajua. Nakuandikia tu kwa sababu napenda kuandika.

Na Manol mwambie Gena amekubali yaishe, kuhusu maziwa.

Bibi Gena

*

Smolyan, 30 Novemba 2023

Raina mdogo wangu,

Marahaba, na karibu. Barua yako imenifikia jana, nimeisoma garini nikiwa juu bondeni, nikisubiri ukungu upungue nipite. Hilo koti jeupe uliloniandikia, ambalo unajiona umelivaa, nalifahamu. Langu ni la buluu na lina matope, lakini milango inafunguliwa kweli.

Unauliza Gena Karamfilova ni nani, na kama unaweza kumshukuru mwenyewe. Walikuwa wawili. Wa pili alinimiminia maji chini ya mtufaha Jumapili moja ya Machi. Jagi lilitikisika likagonga vidole vyangu, viatu vyetu vikalowa, na alicheka, na sijawahi kuoshwa mikono vizuri kama siku ile. Aliniona nikihitimu. Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, usingizini. Jirani anasema asubuhi ile kwenye theluji kulikuwa na nyayo za mbweha kutoka getini hadi dirishani kwake. Mimi sikuziona. Ila naziamini.

Msitu upo. Nyumba ni ya ufadhili sasa, nami naitunza, na barua zinakuja huku.

Umeandika kwamba wewe huogopi chochote. Hongera. Hebu niandikie unachokiona huko kwenu, chochote, ila ulichokiona kwa macho yako. Kisha tarehe 21 Januari njoo. Tutaimba, tutacheka, usitushangae. Ni mtaa wa chini, ukishavuka daraja, geti la kijani. Juu yake utaona tanzia mbili, za wanawake wawili wenye jina moja. Nimeziweka nyuma ya kioo, theluji isizifute, uzisome mpaka mstari wa mwisho. Safari hii wote wawili wamekufa kweli.

Bisha hodi hata hivyo.

Zorka Cholakova, mkunga